Kama Halipo, Endelea

1

Siku Gwamaka Mwasile alipopiga simu, Enelia Tweve alikuwa jikoni kwenye kituo cha Ihanga anamenya viazi, na moyo wake ulikuwa mkunjufu kabisa. Asubuhi ile gari la vipuri lilikuwa limeshusha gunia la mchele kutoka mabondeni, limetumwa na mtu asiyemjua jina wala sura. Juu ya gunia mtumaji alikuwa ameandika kwa mkaa: ASANTE KWA MAZOEA. Basi, hakuna zaidi. Enelia alilizunguka gunia lile, akachota kiganja kimoja, akanusa, akatangaza kwamba mchele huo ni wa kunukia, si wa kubahatisha.

"Watu wanakulisha kama mwali," alisema Mzee Anyosisye Sanga, msaidizi wake na mwenzake pekee pale kituoni. "Mimi ninayeingia mferejini kung'oa magugu, hata karanga sijaletewa."

"Na wewe andika mazoea yako, uyaweke Rafuni."

"Mazoea yangu mimi ni kulala mapema. Nani atayachukua?"

Mazoea yenyewe ni faili tu, wala si kitu cha ajabu. Mashine ya kuendesha malango ya maji, ikitoka kiwandani, ni tupu na ina maswali kama mtoto wa miaka minne. Ukitaka kushusha lango unaandika amri nzima: jina la mto, jina la mfereji, jina la lango, kina, halafu jina lako. Ukimaliza inakuuliza, kuna mtu ndani? Unaandika hakuna. Unakwenda lango la pili, unaanza upya. Na ilikuwa haki iwe hivyo. Katika Mwaka wa Malango mashine zilikuwa zikijisasisha zenyewe, na kuna siku zilijisasisha vituo vyote kwa pamoja. Kulipokucha malango yakafunguka bila mtu kuulizwa, yakapita na watu. Tangu hapo sheria ikasema lango halisogei ila kwa amri iliyoandikwa na binadamu, na jina lake juu yake.

Sheria nzuri. Ila walioitunga hawakuwahi kuiandika hiyo amri alfajiri kwenye baridi ya Ihanga, vidole vimekufa ganzi. Watu wakajitungia vifupisho, neno moja badala ya mistari chungu nzima. Ukavikusanya vifupisho vyako kwenye faili, ukaongeza rangi za skrini unazozipenda na salamu ya asubuhi, hayo yakawa mazoea yako. Ukiona ni mazuri unayaweka Rafuni, ghala la wote, na anayetaka anayachukua bila kubisha hodi. Kila mashine yake ikiwashwa inachungulia Rafu na kuyasoma upya. Rafu haiandiki nani kachukua nini. Lakini watu wa malango wana ustaarabu wao: ukichukua mazoea ya mtu, unamtumia kitu cha kwenu cha kuliwa. Ndiyo maana stoo ya Ihanga ilikuwa na mchele, ulezi, karanga, samaki wakavu na asali, na Enelia, ambaye hakuwahi kushuka mabondeni tangu aajiriwe, alijua watu wa huko kwa vyakula vyao.

Gwamaka wa kituo cha Magulilo alikuwa mmoja wa wachache aliowajua kwa sauti pia.

"Kamwene, Mama Tweve."

"Kamwene, Gwamaka. Mbona sauti iko mbali hivyo?"

"Niko hospitali."

Enelia aliweka kisu mezani. "Kulikoni?"

"Daudi Mlelwa. Yule mwenzangu anayesafisha wavu wa kunasa takataka. Alikuwa ndani ya mfereji, mama, nami sikujua. Nimeandika laza, kile kifupisho chako cha kushusha malango, nikainuka nikanywe chai. Lango limemshukia mguuni."

"Yu hai?"

"Yu hai. Mguu ndio hivyo, watamkata chini ya goti. Na mimi jina langu limezuiwa. Mashine hainisikii tena mpaka kamati ikae."

Enelia alisema pole mara mbili, na zote mbili zikamtoka kama za mtu wa msiba wa jirani.

"Nina swali moja tu," Gwamaka akaendelea. "Usidhani nakulaumu. Huko kwako, ukiandika laza, inauliza kama kuna mtu?"

"Inauliza. Kila siku inauliza."

"Kwangu haijawahi kuuliza. Nikadhani ndivyo ulivyoipenda."

2

Enelia aliviacha viazi kwenye maji, akaenda chumba cha mashine na mikono yake yenye udongo. Akaketi, akaandika neno moja: laza.

Nje kibarazani, redio iliyokuwa kiunoni mwa Mzee Sanga ikalia. "Umetoka?" iliuliza, kwa sauti ya Enelia mwenyewe aliyoirekodi zamani.

"Nimetoka," alijibu Mzee Sanga, huku anaota moto. Hapo ndipo malango matatu ya Ihanga yalipoanza kushuka, moja baada ya jingine, kwa mngurumo ule waliouzoea.

"Wewe mama, unalaza maji saa hizi kwa nini?"

"Najaribu kitu. Nayapandisha sasa hivi."

Kwake laza inauliza. Kwa Gwamaka haiulizi. Na faili ni lilelile. Enelia alilifungua akaanza kulisoma tangu juu, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Alipofika katikati aliona mstari alioupita kwa macho mara nyingi asiuone:

kama faili la nyumbani lipo, lisome. kama halipo, endelea.

Akaelewa papo hapo, na akatamani asingeelewa.

Alipoitunga laza, alichoshwa na yale maswali matatu ya mashine tupu, moja kwa kila lango. Akayafuta. Badala yake akaweka swali moja, lililomwendea mtu anayeweza kujibu kweli: Mzee Sanga, ambaye ndiye huingia mferejini. Mpaka hapo ilikuwa kazi ya mtu mwenye akili timamu. Halafu wenzake wakamwomba aweke mazoea yake Rafuni. Na miongoni mwa watu wa malango kuna adabu moja ambayo hakuna anayefundishwa, anaikuta tu: majina ya watu hayapelekwi Rafuni. Jina la mtu ni la kwao. Kwa hiyo Enelia akayagawa mazoea yake mafungu mawili. La kwanza la wote. La pili, lenye jina la Mzee Sanga na namba ya redio yake, akaliita nyumbani, akalibakiza kwenye mashine ya Ihanga. Na ili wenzake wasisumbuliwe na mashine inayotafuta faili wasilo nalo, akaongeza mstari ule wa upole: kama halipo, endelea.

Kwa Gwamaka maswali ya mashine yalikuwa yamefutwa, na wa kuulizwa hakuwapo. Lango likaendelea.

Enelia alishika tama mbele ya skrini. Aliona uchungu kwa ajili ya Daudi Mlelwa na aibu mbele ya Gwamaka, lakini kilichomtisha ni kingine. Gwamaka alimjua. Wangapi wengine waliiandika laza kila asubuhi, naye hawajui?

3

"Badilisha neno moja," alisema Mzee Sanga alipokwisha kuelezwa. "Ondoa endelea, weka simama. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Neno moja. Kesho asubuhi wakiwasha mashine, wote wanalo."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Niambie wewe. Mvua hii inayotupiga hapa itafika mabondeni lini?"

Mzee Sanga alichungulia dirishani. Ukungu ulikuwa umefunika hata miti ya paini iliyo karibu. "Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi watu wataandika laza kuzuia maji yasiingie vitaluni. Nusu yao hawaitazami skrini, wanaandika kwa vidole huku wanaongea na mtu mlangoni. Kwao laza imekuwa inashusha lango siku zote. Kesho itasimama. Wataondoka wakijua limeshuka, kumbe liko juu. Mwingine atamwambia mwenzake, shuka ndani, maji yamekatwa."

Mdogo wa Mzee Sanga, wa tumbo moja, alichukuliwa na maji Mwaka wa Malango, na hakuwa mtu wa kulizungumza hilo. Siku hiyo alilizungumza.

"Unajua nini kiliniuma zaidi?" alisema. "Si kwamba mashine ilikosea. Mashine ilikuwa imerekebishwa, tena na watu wazuri, waliotaka kututengenezea. Tulilala na mashine moja tukaamka na nyingine, na hakuna aliyetuambia. Mdogo wangu aliingia mferejini akijua mambo ya jana." Alizima redio yake, akaiwasha tena, bila sababu. "Hilo usilifanye, Enelia. Uje umpige mtu, uje umwibie, lakini hilo usilifanye."

Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. Siku zote alimwita mama, ingawa kiumri angeweza kumzaa.

"Na nikiacha kama lilivyo?"

"Hilo pia usilifanye."

"Umenisaidia sana, baba."

Alisema kwa hasira, kisha akaomba radhi, kisha wakaingia wote stoo. Walichoweza kufanya kwanza kilikuwa wazi: kuwapigia wale wanaowajua. Mzee Sanga akawa anageuza magunia na madumu na kusoma yalikotoka, Enelia anapiga simu. Wenye asali walisema hawatumii laza, wanapenda rangi za skrini tu. Wenye ulezi walishukuru, wakaiondoa pale pale. Wa samaki hakupokea. Lilibaki gunia la asubuhi, mchele wa kunukia, asante kwa mazoea, na hakuna jina. Enelia alilitazama gunia lile, na furaha yote ya asubuhi ikamwisha.

Wangapi hata gunia hawakutuma?

"Yaondoe," alisema Mzee Sanga.

"Niondoe nini?"

"Mazoea yako yote. Ni yako au si yako? Yatoe Rafuni. Kesho wakiwasha mashine zao na zisiyakute, zitafanyaje?"

Enelia alifikiri. Sheria haikuruhusu mashine kujiwekea mazoea ya mtu mwingine. Iliyasoma upya kila ilipowashwa. Ikiyakosa, ilipiga honi, skrini ikawa nyekundu, na ikabaki tupu kama ilivyotoka kiwandani. "Zitapiga kelele," alisema. "Zitaanza kuuliza kila kitu."

"Kila mtu atajua amenyang'anywa. Hakuna atakayedhani ana kitu asichonacho. Atakutukana, halafu atapiga simu kuuliza, na ukimpata kwenye simu utamweleza."

"Mvua inanyesha, watu wana haraka, halafu niwaachie mashine tupu."

"Ndiyo."

"Watachelewa, mzee. Vitalu vitazama."

"Vitazama vingine," alisema Mzee Sanga. "Miche inapandwa tena."

Enelia alikuwa amekumbuka karanga.

4

Karanga zilitoka Itipula, kwa Subilaga Mwakitalu. Huyu alikuwa ameajiriwa akiona, akaja kupoteza macho kazini kidogo kidogo, na alipoambiwa apumzike alijibu kwamba vidole vyake havijapofuka. Kwa mazoea ya Enelia aliendesha kituo kizima. Vifupisho vilikuwa vifupi, vimekaa vizuri kwenye kibodi, na kila amri ikikamilika mashine hulia mlio wake. Subilaga aliwahi kusema kwamba Enelia alimrudishia kazi, na kila msimu alituma karanga zilizokwisha kupepetwa na kuchaguliwa, moja moja, kwa mkono.

"Dada Subilaga, kamwene."

"Ugonile, dada. Leo hujanipigia kwa heri, nakusikia unavyohema."

Enelia alimweleza yote bila kupunguza: Daudi, mguu, mstari, na alichokusudia kufanya kabla ya asubuhi. Upande wa pili Subilaga alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi naondoa hiyo laza peke yake," alisema. "Hayo mengine niachie."

"Siwezi kukuachia wewe bila kuwaachia wote. Yako Rafuni au hayapo."

"Nisomee faili, niandike hapa kwangu."

"Ni refu. Ukikosea herufi hutaiona, na mashine haitakusomea. Mpwa wako anayekusomea skrini anakuja lini?"

"Jumamosi. Na mvua ni kesho." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayebembeleza naye hajazoea. "Nipe siku chache tu, dada. Hapa kwangu hakuna anayeingia mferejini bila kuniaga, wanajua sioni. Hapa hatafa mtu."

"Najua."

"Sasa?"

"Wengine siwajui."

"Kwa hiyo mimi unayenijua ndiye niumie kwa ajili ya wasiojulikana."

Hilo lilikuwa kweli, wala halikuwa na namna ya kupambwa. Enelia alimpenda mwanamke yule ambaye hajawahi kumwona. Daudi wa kesho hakuwa na jina, sura wala karanga, na huenda hakuwapo kabisa. Huenda kesho nzima mtu asiingie mferejini popote, Subilaga akapoteza kazi yake bure. Enelia aliyapima hayo yote pale, simu sikioni, na kila alipoyapima mizani haikutulia.

"Ndiyo," alisema mwishoni. "Nakuomba msamaha, lakini ndiyo."

Kisha akamsomea amri kamili za malango yake matatu, za kuandikwa kwenye mashine tupu. Subilaga alizirudia kwa sauti, kavu, hana neno la ziada. Ya kwanza aliipata. Ya pili aliipata baada ya kuirudia mara kadhaa. Kwenye ya tatu mtandao ulikatika kwa mvua, na Enelia alipopiga tena simu haikupatikana.

Alikaa na simu mkononi mpaka Mzee Sanga alipomletea viazi, vimeshachemka na kupoa. Hakula. Alihamia mbele ya mashine, akaandika maelezo mafupi ya kubaki mahali pa faili: nimeyaondoa mazoea yangu kwa sababu laza iliyomo inafuta maswali ya mashine bila kumuuliza mtu, na Magulilo imemuumiza mtu; anayeyataka apige simu Ihanga. Akaweka jina lake kamili chini, Rafuni, ambako majina hayapelekwi. Kisha akayaondoa.

5

Asubuhi simu ya Ihanga ililia kabla ya chai, ikaendelea kulia hata ikapata moto. Watu walitukana kwanza, kama alivyosema mzee, halafu wakasikiliza. Vilipiga vituo ambavyo Enelia hakujua vipo. Kilipiga kituo cha upande wa pili wa nchi, ambako hata mto wenyewe hakuwahi kuusikia. Mmoja alisema kwa ukali, "Mama, mimi mazoea yako nimeyakuta, nimeachiwa na aliyenitangulia, naye aliachiwa. Wewe ni nani?" Mwenye mchele wa kunukia alipiga pia. Jina lake lilikuwa Mbwiga, na aliomba samahani kwa kutoandika jina, alidhani ni kujionyesha.

Enelia aliweka sharti moja kwa wote. Mazoea hayarudi Rafuni. Anayeyataka atasomewa kwenye simu, na kwenye ule mstari ataandika simama badala ya endelea. Na kabla ya kusomewa herufi hata moja, amtajie Enelia jina la mtu atakayeulizwa. Si cheo, jina. Wengine waliona ni usumbufu, wakakata simu wakabaki na mashine tupu. Wengi walitaja. Baadhi walilazimika kwanza kutoka nje kumuuliza huyo anayesafisha wavu wao anaitwa nani, na Enelia aliwasubiri kwenye simu.

Hakuna aliyepiga kusema kwamba swali la mashine tupu limemkuta mtu ndani. Enelia alingoja simu hiyo siku nzima na siku zilizofuata. Alikuwa anaitamani, na alijua ni tamaa mbaya. Haikuja. Kama kuna mguu uliopona, mwenye mguu alikuwa anatembea nao bila habari.

Hasara ilikuja yenyewe. Subilaga alishusha lango la kwanza na la pili. La tatu aliliandika vibaya, mashine ikamuuliza kitu kwenye skrini asiyoiona, naye akasubiri mlio ambao haukulia. Maji yaliingia vitaluni Itipula yakakomba miche ya watu wengi, nao walikuja mlangoni kwake kumpigia kelele. Alipopatikana kwenye simu alikuwa ameshakabidhi funguo za kituo.

"Nitakuja mwenyewe," Enelia alimwambia. "Nitashuka, nikae kwako, tuandike pamoja mpaka yakae sawa."

"Usije." Hakupandisha sauti. "Umenipofusha mara ya pili, dada. Ya kwanza nilimsamehe Mungu, kwa sababu sikuwa na namna. Wewe una namba ya simu, naweza kukukatia."

Akakata.

Enelia alilia, pale pale kwenye kiti cha mashine, na Mzee Sanga hakujifanya haoni. Alivuta kigoda akaketi karibu naye. Hakumwambia kwamba alifanya vizuri. Baada ya muda alisema, "Ule ushauri ulikuwa wangu. Nami nitaubeba."

"Mkono ulikuwa wangu."

"Basi tutabeba wote."

Msimu ule karanga hazikuja.

6

Gwamaka Mwasile alipiga wa mwisho, mpunga wa mabondeni umekwisha kuinamisha vichwa. Kamati ilikuwa imekaa, ikasoma yale maelezo ya Rafuni, ikamrudishia jina lake na onyo. Tangu hapo alikuwa anaandika amri nzima kwa mkono, herufi kwa herufi, kila lango.

"Mbona hukupiga siku zote hizo?" Enelia aliuliza.

"Nilikuwa naona ni haki yangu nichoke." Alikohoa. "Sasa nayataka, mama. Yote, na laza."

"Unalijua sharti."

"Nalijua. Daudi Mlelwa."

Mzee Sanga, aliyekuwa anachonga mpini wa jembe pale mlangoni, akaacha kuchonga.

"Gwamaka," alisema Enelia, "Daudi haingii tena mferejini."

"Haingii. Anaingia binamu yake. Daudi anakaa ukingoni na gongo lake, anaangalia. Mimi nilitaka kumwandika huyo binamu, Daudi akakataa. Anasema mtu mwingine siku moja atazoea, atajibu huku anafikiria mambo yake. Yeye hatazoea."

Basi Enelia akamsomea. Ilichukua muda, na alipofika kwenye ule mstari alimsikia Gwamaka akiandika polepole, anatamka kila neno: kama halipo, simama. Kisha akaandika jina, akarekodi sauti yake kwenye redio, akawa tayari kujaribu.

"Usikate simu," alisema. "Naiandika."

Kupitia simu Enelia alisikia vidole vikigonga kibodi, halafu, kwa mbali, redio ikiuliza kwa sauti ya Gwamaka: "Umetoka?"

Hakuna jibu.

Huko Magulilo malango matatu yalikuwa juu na maji yakipita chini yake, na watu wawili walioweza kuyashusha kwa neno moja walikaa wakamsubiri mtu mmoja asiye na haraka. Enelia alimwona akilini, akijivuta ukingoni kwa gongo lake, akiinama, akichungulia chini ya lango la kwanza, kisha la pili, kisha akiliendea la tatu, ambalo ndilo lile lililomshukia.

Halafu redio ikakwaruza.

"Nimetoka," alisema Daudi Mlelwa.